Ile nguo ya Spider-Man

Shoga yangu,

Salaam aleikum. Huku Lamu hatujambo, kaskazi inavuma na joto lishaanza. Ile nguo uliyomtumia huyu kijana wetu ilifika Mokowe na basi, ikavushwa na boti salama salmini, na haijakaa hata siku tatu ishatupeleka hospitali.

Usishtuke, ni mkono tu, umefungwa plasta. Alichukua mshipi wa babake akaufunga kwenye ile boriti iliyotokeza uani, akapanda ukutani na maski yake, akajirusha. Mshipi ukakatika, manake ni wa kuvulia changu, si wa kubeba mtoto wa miaka minane aloshiba wali.

Sasa kakangu asema nguo itiwe moto, ati hizi katuni zinaharibu watoto, na mimi ndo nabishana naye peke yangu. Ngoja nkwambie kwa nini. Alipouliza nani kachukua mshipi, mtoto akasema ni mtoto wa jirani, na yule maskini akagombezwa na mamake mpaka tukamskia akilia. Usiku huyu wetu hakulala, akanijia chumbani, "Shangazi, mshipi ni mimi." Nkamuuliza mbona hukusema mchana? Akanambia hata Peter, yule Spider-Man, alimwacha mwizi akapita, afu mwizi yuleyule ndo akaja kumuua ami yake. Wallahi nlikosa la kusema.

Manake ndo stori yenyewe hiyo, tangu ilipotoka 1962. Peter Parker alipopata nguvu hakukimbilia kuokoa mtu, alikimbilia pesa na kuonekana kwa TV, mwizi akampita mbele ya macho akaona si kazi yake. Kuumwa na buibui kulikompa nguvu hakukumfunza kitu, kilichomfunza ni ile aibu. Na baada ya hapo bado kodi ya nyumba inamsumbua, anauzia gazeti picha, nguo kashona mwenyewe, na watu anaowaokoa ndo haohao wanaomtukana. Mtoto wa huku anamwelewa mtu kama huyo. Batman mie simtaki, samahani, najua wampenda, lakini tajiri mwenye mapesa yote yale ashinde usiku kucha kupiga wezi? Na Superman, utaiga nini kwa mtu risasi haimwingii? Angalau T'Challa, yule Black Panther, yeye alimkabili marehemu babake akamwambia mlikosea, na kwetu hapa hata kumwambia mzee chumvi imezidi ni kazi.

Mamangu kuskia haya mabishano akasema mwahangaika na Wamarekani na Liyongo, shujaa wetu wa zamani, yuko hapo Kipini amelala. Basi akaanza, shoga, wamjua akianza: jela, mkate wa wishwa wenye tupa ndani, watu wanapiga ngoma nje huku yeye akikata minyororo, mtoto macho yamemtoka. Akafika pale mwanawe mwenyewe alipomchoma na sindano ya shaba kitovuni, na Liyongo akatoka na upinde wake akapiga goti karibu na kisima, watu wakaogopa kwenda kuteka maji, mpaka mamake akaletwa ambembeleze wakidhani kakasirika, kumbe keshakufa zamani.

Kijana akauliza, "Sasa watu walikunywa maji wapi?"

Mamangu kimya.

"Spider-Man angewatekea."

"Alikuwa maiti, we mtoto!" Nlicheka mpaka nkatoka nje. Lakini nshaifikiria sana hiyo, manake sote tumekua tukisikia vile Liyongo aliogopwa hata akiwa maiti na tukaona ndo ushujaa, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza habari ya wale wenye ndoo. Huyu kauliza, na mkono wake wa plasta.

Jana alasiri akanambia nimpeleke kwa jirani akaombe radhi. Kavaa nguo yote, mkono mmoja wa shati nliukata ndo plasta ipite, tukapita nayo vichochoroni watu wa barazani wakimshangilia, ila maski kaiacha nyumbani. Nkamuuliza mbona. Akasema inawasha.

Kakangu bado adai mshipi mpya. Nshamwambia utalipa wewe.

Shogako