Kadi ya redio ya baba

Donholm, Nairobi
Jumapili jioni

Ndugu yangu Baba Zawadi,

Salamu nyingi kutoka huku. Natumai mvua imewafikia huko Machakos na goti la mama watoto limepoa. Sisi tu wazima. Nilitaka kukupigia simu, nikaona la, hili si la simu. Kwenye simu ningelisema haraka haraka, nusu yake ingebaki kifuani.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilikwenda kwa mama Kayole kutafuta karatasi za shamba katika lile sanduku la chuma la marehemu baba. Unalikumbuka, la bluu, lililokaa chini ya kitanda kule Makongeni tulikokuwa majirani, ambalo tulikatazwa hata kulikalia. Karatasi za shamba sikuziona. Nilichokuta ni bahasha ya khaki, na ndani yake kadi ya malipo ya ile redio ya Sanyo.

Kadi yenyewe ni ya manjano, imefifia, imekunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kuachana na mama ameishikiza kwa selotepu. Juu imepigwa taipu: redio-kaseti moja, bei taslimu shilingi 1,950. Chini yake mtu ameandika kwa kalamu ya wino: malipo ya kwanza 350, kisha 165 kila mwezi, miezi 12. Nilikaa kwenye kitanda cha mama nikapiga hesabu, nikairudia. 2,330. Yaani ile lipa polepole ilimwongezea baba shilingi 380 nzima. Na kwenye bahasha hiyo hiyo kulikuwa na hati zake za mshahara wa reli. Mwaka ule wa 1981 hakuwa anapeleka nyumbani hata 1,000 kwa mwezi, na sisi tulikuwa watoto watano, wakubwa wawili sekondari, na nyanya kijijini anangoja chochote kitakachobaki.

Sasa nataka nikuulize kitu. Unakumbuka baba alivyokuwa akienda kazini kwa miguu? Mwaka mzima. Asubuhi na mapema unamwona anaikata Jogoo Road na mwavuli wake, basi zinampita. Nilipomuuliza kwa nini hapandi, aliniambia kutembea ni kuzuri kwa kifua, na mimi nikaamini. Niliamini kwa miaka zaidi ya arobaini, Baba Zawadi, mpaka nilipoiona ile safu ya mihuri, mmoja kila mwezi, Novemba, Desemba, Januari, hakuna aliouruka. Januari ya karo pia amelipa.

Ilipofika ile redio ulikuwepo. Wewe ndiye uliyekimbia kuwaambia watoto wa mlango wa mwisho. Baba aliitoa katika katoni taratibu kama anayemtoa mtoto majini, akaiweka juu ya kabati kwenye kitambaa alichokishona mama kwa sindano ya kroshia, na kuanzia siku hiyo hakuna mkono wa mtoto uliopita usawa wa kile kitambaa. Akimaliza kusikiliza alikuwa akiifuta antena kwa pembe ya leso kabla ya kuirudisha, pingili moja, anaisukuma, pingili ya pili, anaisukuma, hadi ile ncha inaingia kwenye tundu lake. Mpaka leo nikisikia kitu cha chuma kikiteleza hivyo namwona kidole chake. Mawe yake, yaani betri, yalikuwa sita, makubwa. Yakianza kuchoka na sauti ya mtangazaji kuzama kama mtu anayesinzia, mama aliyaanika juani dirishani, yakapata nguvu ya siku mbili tatu zaidi. Mawe nayo yalikuwa pesa.

Nimefikiri sana kwa nini kitu kile kilikuwa ghali vile. Siku zile bidhaa kutoka ng'ambo haikuingia nchini kienyeji. Mfanyabiashara alihitaji leseni ya kuagiza, alihitaji kuombea fedha za kigeni, kisha ushuru wa forodha unakaa juu ya hayo yote, na mambo hayo hayakulegezwa hadi 1993 hivi. Kwa hivyo baba hakulipia redio peke yake. Alilipia safari yake yote na kila mlango iliobisha njiani. Ingawa hata kwa wenye viwanda mambo hayakuanza rahisi: mwaka 1954 kampuni ya RCA ilipotoa televisheni yake ya kwanza ya rangi huko Marekani, iliiuza dola 1,000, na mwaka huo huo ikabidi ishushe bei hadi karibu nusu kwa kukosa wanunuzi. Na mwaka huo huo redio ndogo ya kwanza ya transista, Regency, iliuzwa dola 49.95. Naona hata kule kuna wazee waliotembea kwa miguu kwa sababu ya sauti inayotoka ndani ya kisanduku.

Lakini hilo silo lililonifanya nikuandikie. Ni Agosti 1982.

Tulikuwa na miaka kumi na mmoja. Ile Jumapili ya tarehe 1, ni kwenye Sanyo yetu tulikomsikia mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akisoma tangazo alilolazimishwa kusoma, kwamba serikali imepinduliwa. Baba yako na baba yangu walisimama mlangoni hawasemi kitu. Jioni Sauti ya Kenya, redio ya taifa, ilikuwa imeshakombolewa, ila mjini maduka yalikuwa yamevunjwa, na siku zilizofuata askari wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kutafuta mali iliyoporwa. Mwenye redio aonyeshe risiti. Mwenye televisheni aonyeshe risiti. Nani Eastlands alikuwa akiweka risiti?

Baba yako ile National yenu aliinunua kwa mwenzake wa kazini, mkono kwa mkono, pesa halali ya jasho lake, bila karatasi. Usiku ule mama yako aliizungushia gunia akaenda kuitupa kwenye jaa nyuma ya vyoo. Najua kwa sababu mama yangu alimsaidia kushika taa, na ameniambia haya juzi tu. Anasema mama yako hakulia wakati wa kuitupa. Alilia alipoingia ndani akaona kile kitambaa cheupe juu ya meza, na pale ilipokaa redio pamebaki pamekunjika.

Kwetu walifika asubuhi. Kijana mmoja, mrefu, bunduki begani, akanyoosha kidole kabatini. Baba hakuwa na risiti kamili kwa sababu deni lilikuwa halijaisha. Akatoa kadi. Yule kijana aliigeuza, akaanza kusoma mihuri mmoja mmoja, midomo ikitembea. Ilikuwa tisa, Novemba hadi Julai. Kisha akaona nafasi tatu tupu. Nakumbuka mama alinishika bega mpaka likauma. Askari akauliza, "Na hizi?" Baba akajibu, "Hizo bado, afande. Nitalipa." Akamrudishia kadi akatoka.

Hapa ndipo nilipokwama Jumamosi ile, kadi mkononi. Lile duka lilikuwa limeporwa. Kila mtu mtaani alijua. Vioo vyote chini, daftari zimetapakaa barabarani, na wenye madeni wengi wakasema Mungu amewasamehe. Sasa tazama: mihuri tisa ya kwanza ni ya mviringo, wino wa zambarau. Mitatu ya mwisho si mihuri. Ni maandishi ya mkono, kalamu ya risasi: Agosti 165, Septemba 165, Oktoba 165, na sahihi ndogo iliyoinama. Muhuri ulikuwa umepotea katika uporaji. Baba alikwenda, miguu ile ile, akaingia kati ya mbao walizopigilia mahali pa vioo, akamkuta mwenye duka, akahesabu 165 juu ya meza. Mara tatu. Hakuwahi kutusimulia hata siku moja. Mama naye anasema alidhani deni lilikufa na daftari.

Na kuna jingine ambalo sidhani tumewahi kulisema waziwazi, wewe na mimi. Baada ya redio yenu kwenda, baba aliihamisha Sanyo kutoka kabatini akaiweka kwenye dirisha la upande wenu, saa ya taarifa ya habari ya jioni, dirisha wazi hata kukiwa na baridi ya Julai. Mama alilalamika kuhusu mbu. Baba yako naye akawa anatoa kigoda chake nje, anakaa na kikombe, kama mtu aliyetoka kupunga upepo tu. Hawakuambiana neno. Ndipo siku ile, kwenye matangazo ya vifo, tukasikia jina la nyanya yako. Mimi nilikuwa nafanya hesabu za shule mezani. Nilimwona baba akiinua mkono kutaka kuizima, akauacha hewani, kisha akaongeza sauti. Halafu akatoka nje akaketi chini, kwenye saruji, kando ya kigoda cha baba yako. Walikaa pale hadi giza likaingia.

Ndiyo maana, nadhani, mwaka 1990 baba yako aliponunua ile televisheni ya inchi 14, hakuifungua kabla ya baba yangu kuja. Aliishusha kutoka mkokoteni, akatia mkono mfuko wa shati, akatoa risiti yenye muhuri, akampa baba aisome kwanza. Baba akaisoma yote, hadi namba ya mashine. Akasema, "Iko sawa." Ndipo katoni ikafunguliwa.

Ile mechi ya Kombe la Dunia, Kameruni na Uingereza, hatuwezi kuisahau, mimi na wewe tumekaa sakafuni, ua zima limejaa chumba kimoja, betri ya gari imetoka kuchajiwa kituo cha petroli. Milla ameingia, Kundé amefunga penalti, Ekéké ameongeza, mbili kwa moja, watu wanapiga masufuria. Na hapo picha ikaanza kusinyaa. Ukingo mweusi ukaja ndani kidogo kidogo kutoka pande zote, wachezaji wakawa kama siafu, kisha nukta moja nyeupe katikati ya kioo, kisha giza. Baba alikwenda nyumbani mbio, mtu mzima yule, akarudi na Sanyo kifuani. Zile penalti mbili za Lineker wa Uingereza tulizisikia humo. Na kwa mara ya kwanza maishani baba aliniambia, "Ishike wewe, inua antena." Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Redio ipo. Mama ameihifadhi miaka yote juu ya kabati, na kitambaa. Jumatatu niliipeleka Luthuli Avenue, kwa fundi mmoja wa ghorofani. Alipoifungua, mkanda wa mpira wa kaseti ulikuwa umeyeyuka umekuwa kama lami, na mawe ya zamani yalikuwa yamevuja yakala zile springi. Akazisugua kwa spiriti na brashi ya meno, akabadilisha mbili. Aliniambia kwa upole kwamba kwa 800 anazonitoza, nikiongeza kidogo nitapata mpya duka la chini, ya sola, yenye taa na tundu la fleshi, 1,500. Nikatazama ile bei dirishani wakati wa kushuka ngazi. Karibu tarakimu zile zile za kadi. Leo kijana wa mjengo anaitafuta kwa siku mbili tatu.

Alhamisi nilikwenda kuichukua. Fundi aliiwasha kwa waya wa umeme, ikakoroma, ikapiga miluzi, ikashika. Spika moja ina mkwaruzo. Nilimwambia aiache hivyo.

Nitakuja huko Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, nikijaliwa. Nimesikia baba yako bado anapenda kukaa nje jioni ingawa masikio yamechoka. Nataka nimwekee dirishani. Kadi pia nitaibeba, aisome mwenyewe, miwani yake isikose. Wewe kazi yako ni moja tu: tafuta mawe sita, yale makubwa, uanze mapema maana siku hizi si kila duka linayo.

Msalimie sana mzee, na mama watoto, na Zawadi.

Ni mimi ndugu yako,
wa mlango wa pili, Makongeni