Jennie Lee anastahili kukumbukwa

Ndugu Mhariri,

Makala zenu kuhusu elimu ya masafa, ambazo nazifuatilia kwa makini, hazijamtaja Jennie Lee, mama ninayeona amenyimwa haki yake. Binti huyu wa mchimba makaa ya mawe, aliyezaliwa Scotland mwaka 1904, alichaguliwa mbunge wa North Lanarkshire Machi 1929 akiwa na miaka 24, wakati ambapo sheria ilikuwa bado haijawaruhusu wanawake wa umri wake kupiga kura. Hotuba yake ya kwanza bungeni iliishambulia bajeti ya Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa fedha.

Kiti alikipoteza mwaka 1931, akarudi 1945 kupitia jimbo la Cannock. Waziri Mkuu wa Uingereza Harold Wilson alipomkabidhi mpango wa chuo kikuu cha kufundisha kwa redio na televisheni, wengi waliubeza, hata ndani ya serikali. Yeye akashikilia kwamba shahada za chuo hicho zisipungue hadhi hata chembe, na kwamba mwombaji asidaiwe cheti chochote. Chuo hicho, Chuo Kikuu Huria cha Uingereza (Open University), kilianzishwa mwaka 1969, na mwaka 1971 wanafunzi wa kwanza wakaanza kusoma majumbani mwao.

Naomba mtuandalie makala kamili juu yake, hasa sisi tunaofungua vitabu usiku baada ya kazi.

Msomaji wenu,
Morogoro