Taa za LED za bei nafuu: joto liko mgongoni

Mhariri,

Wiki iliyopita kijana ninayemfundisha kazi aliporomoka kutoka ngazini kwenye uwanja wa madrasa moja hapa Ngamiani, Tanga. Ngazi haikuwa ndefu na chini palikuwa na mchanga, kwa hiyo aliinuka na kiwiko kilichochubuka tu, alhamdulillah. Kilichomwangusha ni taa. Aliishika kwa nyuma ili afungue bolti, ikampiga shoti. Swichi ilikuwa imezimwa. Nilipanda mwenyewe na testa, nikaigusisha kwenye bati la nje la taa, pale ambapo mtu yeyote angeweza kuweka mkono, na testa ikawaka.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza ni la fundi mwenzetu aliyezifunga: swichi aliiweka kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laini (waya unaouleta), kwa hiyo ukizima, taa inazimika lakini umeme unabaki umejaa ndani yake. Mimi pia nina lawama, kwani nilimruhusu kijana apande kabla sijapima. La pili ni la taa yenyewe, nalo ndilo lililonifanya nikuandikie, kwa sababu taa za aina ile zimejaa kwenye kuta za mji huu: madukani, misikitini, kwenye mageti, kwenye vibanda vya chipsi.

Taa za madrasa zilikuwa tatu, za kumulika nje, nyeusi na bapa kama sahani. Boksi limeandikwa wati 100, saa 50,000. Maalim alizinunua kwa shilingi 25,000 kila moja kwa michango ya wazazi, ili watoto wasome baada ya Magharibi na uwanja usibaki giza usiku. Baada ya miezi minne moja ilikufa, ya pili ikawa inakonyeza, ya tatu imefifia. Maalim akanipigia simu: “Fundi, huu umeme wenu una nini? Kila kitu unakiunguza.” Nikamwambia, “Maalim, umeme hauna kosa. Njoo karakana nizifungue mbele yako.”

Tukafungua ile iliyokufa. Ndani kuna sahani ya alumini iliyopangwa chipu ndogo za manjano, na moja ina doa jeusi katikati, ukubwa wa punje ya ufuta. Chipu hizi zimeungwa kwa mfuatano, hivyo ikifa moja njia imekatika na taa nzima inazimika. Sahani imeshikwa na skrubu mbili tu za pembeni. Katikati ilikuwa imebinuka, nikapitisha ukucha wangu kati yake na mgongo wa taa. Pale panatakiwa pawe na mafuta mazito meupe ya kupitisha joto, palikuwa pakavu. Mgongo wenyewe ni bati jembamba kiasi kwamba nililikunja kwa vidole huku Maalim anatazama. Nikaipeleka kwa jirani yangu muuza dagaa aipime: gramu 380. Taa ya wati 100 niliyofunga kwenye ghala moja mwaka 2019 ina zaidi ya kilo mbili, mgongo wake una mapezi ya alumini, na mpaka leo inawaka.

Kwa nini nahangaika na uzito? Watu wengi wanaamini LED haina joto, kwa kuwa ukiweka kiganja mbele yake hakiungui. Glopu ya zamani ilikuwa ikirusha joto lake mbele pamoja na mwanga. Ndiyo maana wafugaji waliitundika juu ya vifaranga, na mama mmoja mtaani kwetu alipoibadilisha na LED vifaranga wake wakakesha wamerundikana pembeni kwa baridi. Uzi wa glopu hufanya kazi kwenye nyuzi joto za Selsiasi zaidi ya 2,500 na wala haudhuriki haraka. Chipu ya LED haiwezi hata kukaribia huko. Ikipita nyuzi mia moja na ishirini hivi ndani yake, inaanza kuzeeka kwa kasi. Na joto lake haliruki na mwanga, linabaki nyuma yake likisubiri chuma cha kulibeba. Pasipo na chuma, linakaa hapohapo.

Mfano ninaowapa wanafunzi ni pasi ya kulehemu ya fundi redio. Ile ndogo ya wati 30 inayeyusha risasi, na risasi ya kawaida ya mafundi huyeyuka kwenye nyuzi 183. Taa ya LED ya wati 50 inatoa nyuma yake joto linalokaribia lile lile, kwa sababu zaidi ya nusu ya umeme inaoula haigeuki mwanga. Tofauti kati ya ncha inayoyeyusha risasi na mgongo unaoweza kuushika ni ukubwa wa chuma na hewa inayokipitia.

Niliipima ile iliyofifia. Boksi linasema wati 100, kipimo kikasoma 34. Maalim alikasirika, na ana haki, kwani amelipia kisichokuwepo. Lakini hapa kuna jambo ambalo wateja hawalijui: huo uongo ndio ulioifikisha taa miezi minne. Kama kweli ingekula wati 100 ikiwa na mgongo ule, nadhani isingemaliza wiki. Hata kwa hizo 34, baada ya dakika arobaini ya kuwaka ndani ya karakana yangu, waya wa mita wa kupima joto ulionesha nyuzi 91 mgongoni. Hiyo ni nje ya bati. Kwenye chipu, iliyotenganishwa na bati kwa pengo la hewa, ni zaidi.

Na hizo saa 50,000? Usiku wetu ni wa saa 12, mwaka una saa 4,380 za giza. Saa 50,000 ni zaidi ya miaka kumi na moja. Taa za Maalim zilikesha miezi minne, yaani saa 1,440 hivi. Namba ya kwenye boksi mara nyingi ni ya chipu peke yake, ikiwa imepozwa vizuri, mpaka mwanga wake ushuke kufikia asilimia 70. Haihesabu vifaa vingine. Kwenye balbu za LED zenye draiva, yaani kifaa cha ndani kinachouandaa umeme kwa ajili ya chipu, kuna kapasita, kale kamkebe kadogo kenye maandishi ya nyuzi 105. Nyingi za kawaida hudhaminiwa saa 2,000 kwenye joto hilo. Kanuni tunayoifuata ni kwamba kila ukipunguza nyuzi 10 umri wake unakuwa maradufu: nyuzi 95 saa 4,000, nyuzi 85 saa 8,000, nyuzi 65 saa 32,000. Sasa iweke balbu hiyo ndani ya bakuli la kioo lililofungwa, chini ya dari ya jipsam, juu yake bati lililopigwa jua la Februari la Tanga kutwa nzima. Mteja anarudi anasema balbu feki. Nyingine si feki, imepikwa.

Taa za madrasa hazikuwa na draiva. Umeme wa ukutani unaingia moja kwa moja kwenye sahani ya chipu kupitia vidude viwili vitatu, na kinachoutenganisha na bati la nje ni utando wenye unene wa karatasi hivi. Volti zikipanda, kama zinavyopanda usiku wa manane mtaani kwetu, vidude hivyo huigeuza ziada kuwa joto. Utando ukichoka kwa joto, ukaingiliwa na unyevu na chumvi ya bahari, bati linakuwa na umeme. Na waya uliotoka kiwandani una nyuzi mbili tu, hakuna ya ethi, ile inayopeleka ardhini umeme unaovujia kwenye bati. Taa yenye mwili wa chuma isiyo na alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, inayomaanisha ina kinga maradufu ya umeme, inatakiwa iwe na ethi. Kinyume cha hapo ni kuwaachia wanaoigusa bahati yao.

Moto nao upo. Mwaka jana niliitwa kwenye mgahawa mmoja wa pwani wenye paa la makuti. Walifunga taa nne kwenye boriti, migongo imelalia makuti. Nilipoishusha moja, makuti ya nyuma yake yalikuwa yameiva rangi ya kahawia iliyokoza, nikiyashika yanapukutika kama ugoro. Maungio ya waya yalisokotwa kwa mkono na tepu yake imeyeyuka. Paa lile halijaungua. Nilizisogeza taa chini, umbali wa dhiraa moja kutoka kwenye makuti, nikafunga na kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampia 30. Mwenye mgahawa alilalamikia gharama, nami nilimwelewa.

Sisemi watu warudi kwenye glopu. Balbu nzuri ya LED ya wati 8 au 9 inatoa mwanga wa glopu ya wati 60, karibu lumeni 800 (lumeni ni kipimo cha mwanga), na kila mwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, anaijua tofauti hiyo. Nimezifunga mamia, na nyumbani kwangu hakuna kingine. Ninachopinga ni kuuziana wati za kwenye boksi.

Kwa wenye maduka: shika taa mkononi kabla ya kuagiza. Nyepesi kama kopo tupu usiilete, hata kama wateja wanaidai. Wateja wanadai wati kwa sababu ndizo tulizowafundisha kuuliza. Wafundisheni kuuliza lumeni na uzito.

Kwa mafundi wenzangu: tuache kuweka jampa, kipande cha waya cha kuiruka, kwenye chipu iliyokufa na kurudisha taa kwa shilingi 3,000. Nimelifanya hilo miaka mingi. Mzigo uliokuwa wa chipu ile unahamia kwa zilizobaki au kwa vidude vinavyoziongoza, joto linaongezeka, na taa inayorudi kwa mteja ni mbovu kuliko iliyokuja. Na swichi iwe kwenye laini, siku zote.

Kwa TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na Tume ya Ushindani: naomba taa za kumulika nje zipimwe madukani, zikiwa tayari kwenye rafu. Hapo hakuna kinachohitaji maabara kubwa. Kipima wati kinajua kama 100 ni 34. Mita ya kawaida inajua kama bati limeshikana na umeme. Jicho linaona kama waya una ethi. Boksi linaloandika wati za uongo lishushwe, na taa ya chuma isiyo na ethi wala alama ya miraba miwili isiuzwe kabisa.

Maalim amenunua taa mbili badala ya tatu, za wati 50 za kweli, bei mara mbili na nusu ya zile. Tumezifunga kwa waya wa nyuzi tatu. Usiku wa kwanza nilikwenda na mita baada ya Isha: nyuzi 57 mgongoni, baada ya saa mbili. Mbovu nimebaki nazo. Ninazo 41 kwenye kiroba karakana, za madrasa na za wateja wengine, kila moja nimeibandika karatasi yenye wati za boksi, wati nilizopima, uzito na miezi iliyoishi. Mkaguzi akizihitaji nitazipakia kwenye bajaji nimpelekee.

Fundi umeme,
Ngamiani, Tanga