Kabla hujalipa rubuni ya ile GTI

Ngara, Nairobi

Ndugu yangu Otieno,

Salamu nyingi kwako, na unisalimie shemeji na watoto. Umeniuliza kama Volkswagen Golf GTI inaweza kukaa na mtu miaka kumi hapa Nairobi bila kumfilisi. Inaweza. Ila si kila GTI, na si kila fundi anafaa kuigusa, kwa hiyo naomba usome barua hii yote kabla hujalipa rubuni.

Ile Mk6, yaani Golf ya kizazi cha sita, ya bei ya chini uliyonitumia picha yake, iache. Injini za miaka hiyo zina tenshena (kifaa cha kukaza) ya cheni ya taiming, ile inayoendesha vali, ambayo kilimi chake cha kuishikilia huchoka na kuachia. Gari likilala usiku kucha shinikizo la oili huisha, cheni inalegea, na asubuhi ukiwasha inaruka meno. Vali zinagonga pistoni, na hapo kazi si ya kubadilisha cheni tena, ni ya kutafuta injini. Kama moyo umeshaganda hapo, fundi atoe kizibo kidogo cha mpira kwenye kava ya chini ya cheni, aingize tochi na atazame: tenshena ya zamani na ile iliyorekebishwa zina maumbo tofauti. Muuzaji akikataa kizibo kisifunguliwe, mrudishie ufunguo wake.

Tafuta Mk7, kizazi cha saba. Kwa sheria yetu ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane, zinazoingia bandarini sasa ni zile za baada ya marekebisho ya 2017, zenye nguvu za farasi 230 badala ya 220 za mwanzo. Chagua yenye rimu za inchi 17, tairi 225/45. Najua za inchi 18 zinapendeza, lakini ubavu wa tairi 225/40 ni mwembamba mno kwa mashimo yetu: shimo moja lililofichwa na maji ya mvua na rimu imepinda, tairi imetoa uvimbe. Kwepa pia zile zenye shokomzoba za umeme. Zikivuja, moja tu inaweza kukugharimu zaidi ya seti nzima ya zile za kawaida.

Paa la kioo nalo lifikirie vizuri. Lina mifereji midogo kwenye pembe, na jakaranda zikianza kupukutisha maua, mifereji huziba. Maji yanashukia ndani, yanalowesha zulia na soketi za nyaya zilizo chini yake. Ukipata isiyo na paa hilo, ni heri.

Sasa giaboksi, maana hapo ndipo wengi hupotea. DSG, giaboksi ya VW (Volkswagen) inayojibadilisha gia yenyewe, ile ya gia sita, ina klachi mbili zinazooga kwenye oili, na oili hiyo hubadilishwa kila kilomita 60,000. Gari la mkono wa pili lisilo na risiti ya kazi hiyo, lihesabu kuwa halijafanyiwa. Simama karibu na fundi uone mwenyewe. Akifungua nati ya chini, oili kidogo tu itamwagika kisha itakoma, na asiyejua hudhani imeisha. Ndani ya tundu hilo kuna kijibomba cha plastiki kinachopima kiwango. Lazima akitoe kwa spana ya pembe sita ya milimita 8, ndipo lita kama 5 zishuke. Kisha anakirudisha, anabadilisha filta iliyo juu ya giaboksi, na kujaza lita 5.2 hivi kwa bomba la mpira kupitia tundu lile lile. Injini inawashwa, mguu ukiwa kwenye breki, gia zinapitishwa moja moja. Oili ikifika kati ya nyuzi 35 na 45 kwenye mashine ya kusoma kompyuta, anafungua nati injini ikinguruma na kuacha ziada ivuje hadi yabaki matone. Oili yenyewe iwe na namba G 052 182. Akikuletea ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki akisema zote ni moja, ondoa gari lako hapo. Usije pia ukachanganya giaboksi hii na ile ya gia saba yenye klachi kavu iliyo kwenye Golf za injini ya lita 1.2 na 1.4, hizo zina matatizo yake mengine kabisa.

Na uendeshaji wako wa kutoka Syokimau kila asubuhi una uzito wake. Kwenye foleni ya Mombasa Road usiisukume hatua moja moja huku umegusa breki nusu. Klachi zinasuguana na oili inachemka. Acha pengo mbele, kaa umekanyaga breki sawasawa, kisha uende mara moja. Matatu zitakuingilia. Ziache ziingie.

Kwa mfumo wa kupoza, sehemu dhaifu ni pampu ya maji. Imeunganishwa na themostati katika kasha moja la plastiki lililo chini ya manifoldi ya kuingiza hewa, upande wa giaboksi. Kasha hupasuka au sili zake kuchoka, na kwa kuwa liko ndani sana, uvujaji hauonekani chini ya gari. Utaona kulanti (maji ya kupoza injini) ikipungua kidogo kidogo, harufu tamu baada ya kuzima, na ukimulika juu ya giaboksi utakuta ukoko mkavu wa pinki. Badilisha kasha zima pamoja na mkanda wake mdogo, usikubali kupakwa gundi. Na kamwe usijazie maji ya kisima, chumvi yake hula alumini. Tumia maji yaliyokenekwa (distilled) ya dukani na kulanti yenye alama ya VW, nusu kwa nusu.

Oili ya injini ni lita 5.7 za 5W-40 yenye kibali cha VW 502 00. Usingoje kilomita 15,000. Hapa badilisha kila 7,500. Nairobi iko mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi karibu kwa moja ya tano, na turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini, hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kutoa nguvu ile ile. Oili chafu huanza kuiumiza yenyewe. Petroli weka ya oktani 95. Plagi kila 60,000, maji ya breki kila miaka miwili. Bushi za mikono ya mbele na link za stabilaiza zitakwisha mapema kwa sababu ya matuta. Hizo ni bei ya kuishi hapa, na Kirinyaga Road zinapatikana, mradi ukague boksi na namba ya spea.

Wakikushawishi kuongeza nguvu kwa kompyuta, kataa. Torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 350 tayari inaipa giaboksi hiyo kazi ya kutosha, nawe unataka miaka kumi.

Kama haya yote yanakuelemea, kuna Suzuki Swift Sport ya 1.4 turbo, ile ya kuanzia 2017: haifiki tani moja kwa gia za mkono, klachi ya kawaida, oili lita 3.3, tairi 195/45R17. Haina utulivu wa Golf kwenye Southern Bypass, lakini ingekupa raha nyingi kwa gharama ndogo, na mimi nisingekudharau ukiichagua.

Ukibaki na Golf, kila mwaka tenga asilimia kumi ya bei uliyonunulia, ikae kwenye akaunti yake. Na ukipata namba ya chesi nitumie. Tukae nayo Jumamosi, tuipandishe juu, tulete tochi.

Wako,
Baraka