Daftari limekamatwa, mimi nimeachiwa

Mbeya,
Jumapili jioni

Ndugu yangu Ipyana,

Ugonile, umelala salama? Huku tumelala, ila kwa taabu. Julai ya mwaka huu haina huruma. Maji ya kwenye ndoo ukiyagusa alfajiri unahisi yanang'ata, na mlima Loleza hauvui ukungu mpaka saa nne. Mama mdogo anakusalimu. Anauliza kama huko Dodoma mnakula kitu kingine zaidi ya zabibu.

Nakuandikia haraka kabla habari hazijakufikia kwa watu wengine, maana zikipita kwa shemeji yako zitafika zimeota mkia na pembe. Si kweli kwamba nimelala mahabusu. Nilikaa ofisi ya mtaa kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, juu ya benchi, bila koti, kwa sababu koti lenyewe lilikuwa linachunguzwa. Nilipouliza kosa langu, mgambo alifikiri kidogo akasema, "Kuonekanaonekana."

Lakini acha nianze na koki.

Mwezi wa tano koki ya Mama Lusajo ilipotea, ile ya shaba iliyokuwa pale uani tangu tukiwa wadogo. Wiki hiyohiyo ikaondoka ya mchungaji, kisha ya chekechea, kisha za nyumba tatu mfululizo kule bondeni. Kufika katikati ya Juni tulikuwa tumehesabu tisa. Anayechukua si mjinga, Ipyana. Anakuja siku ya mgao, mabomba yakiwa makavu, anafungua taratibu bila tone kudondoka, anaondoka zake. Wewe unalala. Saa kumi alfajiri maji yanarudi na uwanja wako unageuka mto Kiwira. Mwizi huyu anaijua ratiba ya mgao kuliko sisi tunaolipa bili. Koki yenyewe inaishia kwenye mzani wa vyuma chakavu, na pale shaba haiulizwi ilizaliwa wapi.

Mtaa ukaitisha kikao, na kikao kikatoa washukiwa kabla ya kutoa ajenda. Wa kwanza, kijana mwenye dredi anayeuza viatu vya mtumba. Wa pili, yule mpangaji mpya anayepita bila kusalimia. Wa tatu, masikini, yule kaka asiye na akili timamu anayeokota chupa. Niliangalia ile orodha nikaona kigezo chetu cha upelelezi ni salamu na nywele. Mwenye gari hakutajwa hata mmoja, wakati kubeba koki tisa kwenye buti ni rahisi kuliko kwenye mfuko wa rambo. Nilipolisema hilo, watu wakanitazama kana kwamba nimetukana msibani.

Basi nikaamua kuchunguza mwenyewe. Unajua nikiwa likizo nakuwaje. Shule imefungwa, baridi hairuhusu kutoka, nalala na simu sikioni nasikiliza simulizi za mauaji ya watu wa nchi za mbali mpaka usiku wa manane. Ukisikiliza hizo kwa wiki tatu unaanza kuona kila mtu amezika kitu nyuma ya nyumba. Nikanunua kaunta buku la kwaya mbili, nikakaa dirishani na blanketi, nikaanza kuandika. Nakunukulia kwa kumbukumbu, maana lenyewe sinalo tena:

"Alhamisi. Saa 7:10 usiku. Baba Neema anarudi. Anatembea kando ya ukuta. Hana mzigo."

"Ijumaa. Saa 10:45 alfajiri. Mama Upendo anatoka kwenda Mwanjelwa kuchukua nyanya. Hurudi saa 4. Mlango wa nyuma hauna komeo, umeegeshwa kwa tofali."

"Jumamosi. Mbwa wa mchungaji amefungwa upande wa jikoni. Ukimpa mfupa habweki. (Nimejaribu.)"

Wakati naandika nilijiona mpelelezi. Sasa hebu soma tena hayo maneno polepole, ukijifanya wewe ni mwenyekiti wa mtaa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Kulikuwa na jambo moja linanisumbua: inachukua muda gani kufungua koki? Kama ni dakika moja, mwizi ni fundi. Kama ni kumi, basi lazima kuna mtu aliyemwona akanyamaza. Koki yangu imeshika kutu, isingenipa jibu la haki. Nikakumbuka ile ya nje ya kanisa, mpya kabisa. Nikavaa koti langu la mtumba, lile refu la kijeshi unalolicheka, nikavuta mzula mpaka kwenye nyusi, nikachukua spana malaya na tochi, nikatoka. Saa sita na nusu usiku. Simu nimeiwasha ipime sekunde.

Nilikuwa kwenye sekunde ya arobaini tochi nne ziliponimulika kwa pamoja.

Walikuwa wanne wa ulinzi shirikishi, wana marungu, na mmoja ana panga. Ipyana, nimeshasimama mbele ya darasa la watoto mia moja na ishirini na sijawahi kukosa sauti. Usiku ule nilikosa. Kisha sauti moja kutoka nyuma ya tochi ikasema, "Mwalimu, shikamoo. Tafadhali usikimbie."

Alikuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili wa zamani. Nilimpa alama thelathini na moja kwenye Historia. Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu," spana ikiwa bado imeuma koki ya nyumba ya Mungu.

Nacheka ninapoandika, lakini usiku ule niliporudi kitandani sikucheka. Ile shikamoo ndiyo iliyoniponya. Kama wale wanne wangekuwa wageni kwangu, au mimi mgeni kwao, leo ungekuwa unapanda basi kuja kuzika. Wewe unakaa Dodoma, unakijua kijiji cha Iringa-Mvumi, kule Chamwino, ambacho watu wengi wakisikia jina wanadhani kiko Iringa. Oktoba 2016 walifika pale watafiti wawili wa kilimo na dereva wao, wametoka kituo cha utafiti Selian, Arusha. Wako kazini. Wanakijiji wakaamini ni wanyonya damu, wakawaua na kuwachoma pamoja na gari. Watu waliokwenda kuchunguza udongo. Hawakuwa na mwanafunzi wa zamani pale wa kuwaamkia.

Na sisi wa huku tusijifanye tuko mbali na hayo. Unakumbuka tukiwa watoto, miaka ile ya wachuna ngozi? Mauaji yalikuwa ya kweli, watu walikufa, na hofu ikawa ya kweli pia. Jua likizama tunafungiwa ndani kama kuku, na mgeni akishuka stendi na begi jeusi mtaa mzima unamsindikiza kwa macho. Sisi tulidhani tunalindwa dhidi ya begi. Baadaye nilipokua ndipo nikajiuliza ni wenye mabegi wangapi walipigwa wakiwa wamebeba nguo tu.

Halafu kuna ile lugha ya taarifa za habari: "ameuawa na wananchi wenye hasira kali." Kila mara muuaji ni huyohuyo, kila mkoa, miaka nenda rudi. Angekuwa mtu mmoja faili lake lisingebebeka, lakini kwa kuwa ni wengi hawana jina, hawana baba, wala hawapandishwi kizimbani ila kwa nadra. Aliyeiba kuku ana jina kamili na umri kwenye taarifa. Waliomuua wana hasira tu.

Haya, turudi ofisini.

Mwenyekiti aliamshwa, akaja na kikoi na koti la suti juu yake. Mgambo akaanza kuandika orodha ya vielelezo, kwa sauti: "Koti moja. Kofia ya mzula moja. Tochi moja. Spana moja..." akasita, akamtazama mwenyekiti, "...ya kurekebisha." Hakutaka neno malaya liingie kwenye karatasi ya serikali. Mimi nikasema naelewa.

Kulikuwa na mzee mmoja mjumbe, ametoka usingizini na blanketi lake, aliyenihurumia. Alisema yeye alikuwa Dar mwaka 1983 wakati wa Nguvukazi, ile sheria ya kuwakamata wasio na kazi mjini na kuwarudisha vijijini. Siku hiyo alikuwa na kazi, tena nzuri, ila kitambulisho alikiacha kwenye suruali nyingine. Akapakiwa kwenye lori. "Tangu siku ile," akasema, "mimi nina suruali moja." Mgambo kwa upande wake alikuwa anataka kuniweka kwenye uzururaji. Nikamwambia ndiyo, Kanuni ya Adhabu ina vifungu hivyo, cha 176 na 177, tumerithi kutoka kwa Mwingereza tangu 1945, vilitengenezwa hasa kwa ajili ya kumkamata mtu ambaye hujajua amefanya nini. Halikunisaidia. Mtuhumiwa anayejua vifungu anatisha kuliko asiyejua.

Katikati ya mjadala simu ya mwenyekiti ikalia ujumbe. Akausoma kwa sauti bila kufikiri: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Saa nane usiku! Tukacheka wote, hata mgambo. Ila mimi nilikumbuka kwamba mweka hazina wa kikoba chetu alituma shilingi laki moja na elfu themanini kwa ujumbe wa namna hiyohiyo mwezi wa tatu, na hakuna aliyeitisha kikao. Laini zote tumezisajili kwa alama za vidole, tulipanga foleni mwaka 2019 tukihofia kufungiwa, na ambao hawakusajili wakaanza kuzimiwa Januari 20, 2020. Namba ya tapeli unaweza kuiripoti kwa kuituma 15040. Nani katuma? Laki na themanini inanunua koki ngapi? Lakini yule hana dredi, hana koti, hapiti mbele ya nyumba yako bila salamu. Utamkasirikia vipi mtu ambaye hujamwona akitembea?

Saa kumi hivi wakalifungua daftari. Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma ya Mama Upendo na tofali lake, akanyamaza. Akasoma ya mbwa na mfupa, akanyamaza zaidi. Nikaeleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozama. Akafungua ukurasa mwingine: "Alhamisi. Saa 7:10 usiku. Baba Neema anarudi."

Sasa, mmoja wa wale wanne alikuwa Baba Neema.

"Alhamisi?" akauliza mwenzake wa doria. "Si ulituambia unaumwa?"

Sikiliza, ndugu yangu. Alhamisi Baba Neema aliwaambia wenzake anaumwa, na kwa mkewe alisema yuko doria mpaka asubuhi. Kati ya kauli hizo mbili kuna saa nne ambazo mimi tu, kwenye nchi hii, nilikuwa na kumbukumbu zake za maandishi. Kuanzia hapo koki hazikuzungumzwa tena. Baba Neema mwenyewe ndiye aliyependekeza niachiwe haraka, "Mwalimu tunamfahamu," na daftari lichomwe. Mwenyekiti akakataa. Akasema ni kielelezo. Akalifungia kwenye droo.

Unaujua mtaa wetu. Kufika saa tatu asubuhi wote walikuwa na habari ya daftari. Mama Neema amekwenda ofisini mara mbili, anasema anataka barua ya utambulisho. Mwanamume mmoja wa bondeni, simtaji, alinifuata dukani akaninong'oneza kama Jumamosi ya tarehe 28 nilikuwa macho. Mama Upendo yeye aliweka komeo, kisha akaniletea sado la nyanya, sijui kwa shukrani au kwa kuninyamazisha. Mchungaji amebadilisha mbwa. Na lingine: ningekuwa mwanamke, yote haya yangeitwa umbea na hakuna ambaye angeshtuka. Ningekuwa nimevaa tai na nina fomu, wangenipa kiti na chai.

Kuhusu mwizi, sijui chochote. Yule kijana wa dredi amekuwa rafiki yangu sasa, ananisalimia "mshukiwa mwenzangu," na ameniuzia raba kwa bei nzuri. Kinachoniumiza ni kimoja. Tangu usiku ule nilipokamatwa ni siku kumi na moja, na mgao umepita mara nne. Hakuna koki hata moja iliyopotea. Watu hawasemi kitu. Wanapita, wanatazama koki zao, wanatazama nyumba yangu, wanasema, "Za leo, mwalimu?"

Kila usiku naomba ipotee moja tu, Ipyana. Hata ikiwa yangu, nimeshailainisha kutu kwa mafuta ya taa.

Wako,
Gwakisa

N.B. Ukija Agosti, shuka mchana.