Amri za Kihispania zianze na usted

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wanaowafundisha Kihispania watu waliokulia kwenye Kiingereza. Vitabu vingi huanza amri kwa tú (“wewe” ya rafiki), maana “habla” (sema) ni nyepesi. Mpangilio huo ndio unaozaa makosa.

Kiingereza kina umbo moja la kuamuru: mtoto, mzee, kundi zima, ni lilelile, na katazo hutangulizwa tu mbele yake. Basi mwanafunzi akishaizoea “habla”, anaitangulizia “no” na kupata “no habla”. Anadhani amemkataza mwenzake asiseme. Kumbe ametamka “yeye hasemi”. Alitakiwa kusema “no hables”.

Anzeni na usted (“wewe” ya heshima). Chukueni nafsi ya kwanza ya wakati uliopo: hablo (nasema), como (nakula), tengo (nina). Ondoeni o, kisha vitenzi vinavyoishia -ar vipate e, vinavyoishia -er na -ir vipate a: hable, coma, tenga. Katazo halibadilishi kitu: no hable. Wakiwa wengi, ongezeni n. Kumkataza rafiki, ongezeni s: no hables, no tengas. Ser na estar (kuwa), ir (kwenda), dar (kutoa) na saber (kujua) hazifuati njia hii, zikaririwe peke yake: sea, vaya, dé, esté, sepa. Tahajia nayo isimamiwe mapema, kwani buscar (kutafuta) huwa busque na pagar (kulipa) huwa pague ili sauti za k na g zisipotee.

Amri za tú kama habla na come (kula) zije baadaye, na zile nane korofi: di, haz, ve, pon, sal, sé, ten, ven.

Mwanafunzi wetu mara nyingi husomea vitabu hivyohivyo vya Kiingereza. Tafadhali msimzungushe huko. Sema, usiseme: a imegeuka e, sawasawa na habla, no hables. Hata njoo na nenda ni kaidi kama ven na ve! Kinachomponza ni kiwakilishi. Sisi husema niambie, usiniambie, “ni” ikitangulia mzizi pote pawili. Kihispania huipeleka nyuma kwenye amri, dime, na kuirudisha mbele kwenye katazo, no me digas. Viwakilishi vikiwa viwili, dímelo (niambie hilo) huhitaji alama ili mkazo ubaki kwenye di. Asipozoezwa jozi hizo kwa mdomo kabla ya kalamu, ataandika “me di”, ambayo maana yake ni “nilijipa”.

Mwalimu wa Kihispania,
Arusha