Kabla hujafunga sanduku

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka Hamilton, Kanada. Sisi wazima, baridi tu ndiyo imeanza kutubana.

Umeniuliza kama cheti chako cha ufundi cha VETA kitakutosha kushika kazi ya umeme ukifika. Peke yake hakitoshi, mwanangu. Hapa jimbo la Ontario umeme ni fani ya lazima: kama huna cheti cha jimbo na hujaandikishwa kuwa mwanagenzi, yaani fundi anayejifunza kazini, huruhusiwi kugusa nyaya za mteja, hata kama umefunga umeme nusu ya Tanga. Wachomeleaji wana nafuu, wao huajiriwa hata bila cheti hicho.

Uanagenzi wa umeme wa majengo ni saa 9,000, kazini na darasani, yaani kama miaka mitano. Ila aliyesomea nje anaweza kuiomba Skilled Trades Ontario, taasisi ya jimbo inayotoa vyeti vya ufundi, impimie uzoefu wake. Wakiridhika, unaruka moja kwa moja hadi kwenye mtihani. Kufaulu ni asilimia 70, na ukipata muhuri wa Red Seal, majimbo mengine ya Kanada nayo yanakutambua.

Wakiridhika, nimesema. Hapo ndipo watu wetu wanapokwama. Fundi kapiga kazi miaka kumi kwa bosi aliyekuwa akimlipa mkononi, leo hana hata karatasi moja ya kuonyesha. Ukishafika huku, kumbembeleza bosi huyo kwa WhatsApp akuandikie barua ni kazi kuliko kazi yenyewe. Barua hizo zitafute sasa, ungali hapo. Kila uliyemfanyia kazi aandike kwa Kiingereza, aweke simu yake, tarehe uliyoanza na uliyoacha, saa za kila wiki, na kazi ulizofanya kwa majina yake: wayaringi ya nyumba, bodi, mota, kutafuta hitilafu. Barua ya "ni mchapakazi na mwaminifu" usiihangaikie. Leseni ya ufundi umeme ya EWURA, kama umeshaipata, ije nayo.

Mtihani wenyewe usiudharau. Mafundi hodari wanaanguka kwa sababu maswali yanatoka kwenye kanuni za umeme za huku, na huku mambo mengi yamegeuzwa. Umeme wa nyumbani ni volti 120 na 240, hezi 60. Na nyaya! Nyumba za zamani za kwetu waya mweusi ni nyutro. Hapa mweusi ndio wenye moto, nyutro ni mweupe. Hilo nataka uliingize kichwani kabla hujashika bisibisi. Mimi ningekushauri uchukue darasa la kujiandaa hata wakikuruhusu kufanya mtihani mara moja, ada yake nitalipa.

Anza na yule mkandarasi wa Muheza. Nasikia anahamia Dodoma mwezi ujao, na huko sijui nani atampata.

Baba yako